Macho mekundu kwenye picha za usiku, na jicho moja jeupe usilopaswa kulifuta

*"Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni mpiga picha chipukizi hapa Umoja. Nina kamera ya mtumba, ile yenye flashi ndogo inayochomoza juu. Picha zangu za mchana watu wanazisifu. Jumamosi nilipiga picha kwenye ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu, shughuli ikaendelea hadi usiku chini ya hema, na karibu nusu ya picha za usiku zimetoka na macho mekundu. Shangazi wa bibi harusi analalamika kwamba nimemfanya aonekane mlevi, na pombe haigusi. Nilidhani flashi iko karibu sana na watu, nikarudi nyuma na kuvuta kwa zumu, mambo yakazidi kuharibika. Hata karatasi ya shashi niliifunika juu ya flashi, bila faida. Fundi mmoja amesema sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, imekufa, niiuze kamera. Mwingine anasema ninunue flashi kubwa. Nifanye nini nisirudie haya, na zile nilizopiga nizirekebishe vipi kabla sijazikabidhi? Tena kuna picha moja ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi: jicho moja ni jekundu, la pili lina mng'ao mweupe. Programu inarekebisha lile jekundu tu, lile jeupe inaliruka. Hilo nilipake rangi gani?"*

Ndugu yangu, asante kwa kueleza yote, hata yale uliyojaribu yakakataa, kwa sababu ndani ya majaribio hayo ndimo majibu mengi yalimo. Unataka kujua kwa nini macho yanatoka mekundu, utayazuiaje, na utaziokoaje picha ulizokwisha kupiga. Yote nitakujibu. Ila nitaanza na swali uliloliweka mwisho, kwa kuwa hilo halisubiri.

Picha ya yule mtoto usiipake chochote. Hifadhi faili lake kama lilivyotoka kwenye kamera, nakala moja kwenye kompyuta na nyingine mahali pengine, kisha leo au kesho mtafute mzazi wake umwonyeshe. Mng'ao mweupe ndani ya mboni ya mtoto mdogo, hasa ukiwa kwenye jicho moja huku la pili likitoa wekundu wa kawaida, ni dalili ambayo madaktari wa macho huichukulia kwa uzito mkubwa. Huenda isiwe na neno. Mtoto akiwa ametazama pembeni kidogo kuelekea upande wa pua, mwanga wa flashi unaweza kuangukia pale neva ya jicho inapoingilia, na sehemu hiyo ina weupe wake wa asili. Lakini huenda ikawa mtoto wa jicho, ambao baadhi ya watoto huzaliwa nao, na huo unahitaji kushughulikiwa mapema kwa sababu ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. Jicho lililozibwa kwa muda mrefu linaweza kubaki dhaifu hata baada ya upasuaji. Na huenda ikawa retinoblastoma, saratani inayoota kwenye retina, yaani ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, na ambayo huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 5.

Ugonjwa huo mara nyingi hujionyesha kwanza kwa mng'ao huo huo mweupe, na dalili inayofuata kwa wingi ni makengeza. Mara nyingi mtoto hana maumivu, anakula, anacheza, kwa hiyo nyumbani hakuna anayeshtuka. Wazazi wengi duniani waliuona weupe huo mara ya kwanza kwenye picha iliyopigwa kwa flashi, kabla daktari yeyote hajamgusa mtoto. Ukigunduliwa mapema, matibabu huokoa maisha ya watoto walio wengi, na mara nyingi uoni pia. Ukicheleweshwa, unaweza kupita kwenye neva ya jicho hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana nakusihi usilifute.

Namna ya kulisema pia ina uzito wake. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la familia. Usitaje saratani, kwa sababu wewe si daktari na hujui. Mpigie mama au baba yake, mwombe mzungumze pembeni, umwambie hivi: "Kuna picha moja ya mtoto nimeona jicho lake moja limetoa weupe badala ya wekundu. Inaweza kuwa ni jinsi alivyotazama tu, lakini madaktari wa macho hushauri mtoto aangaliwe haraka. Nakutumia picha yenyewe uende nayo." Itume kama faili kamili, si picha iliyobanwa na simu. Mwambie aende wiki hii, asingoje likizo wala mwisho wa mwezi. Hapa Nairobi kuna kliniki ya macho ya Hospitali Kuu ya Kenyatta, kuna Lions SightFirst kule Loresho, na nje kidogo ya jiji kuna kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu. Akiwa mbali na hizo, aanzie kituo cha afya kilicho karibu na aombe barua ya kumpeleka kwa daktari wa macho. Mtoto atawekewa matone ya kupanua mboni, kisha daktari atazame ndani kwa kifaa chenye taa. Na mtu akimwambia mzazi, "Hicho ni kivuli cha kamera tu, rudi nyumbani," bila kumtazama mtoto ndani ya jicho, atafute daktari mwingine. Vilevile asitulie kwa sababu picha nyingine zimetoka sawa. Weupe huonekana kwa pembe fulani na kujificha kwa nyingine.

Sasa tuje kwenye wekundu, ambao wenyewe si ugonjwa wala si uharibifu.

Mboni si kitu cheusi. Ni tundu. Huonekana nyeusi kwa sababu ile ile inayofanya dirisha la nyumba kuonekana jeusi ukilitazama mchana ukiwa barabarani: ndani kuna vitu vyenye rangi zake, ila mwanga ulioingia haurudi hadi machoni pako. Nyuma ya tundu hilo kuna retina, na nyuma ya retina kuna tabaka lililojaa mishipa ya damu. Ukipeleka mwanga ndani, kisha ukasimama kwenye njia ile ile ambayo mwanga huo unarudia, utaona ndani ya jicho, na utakachoona kitakuwa chekundu. Mwaka 1851 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alichapisha maelezo ya kifaa kilichotumia jambo hilo hilo, na mpaka leo daktari wa macho akikuinamia na taa yake ndogo anafanya kazi kwa kanuni hiyo. Kamera yako iliifanya usiku ule bila wewe kukusudia.

Jambo la kushika hapa ni kwamba jicho hurudisha mwanga kule ulikotoka. Lenzi ya jicho hukusanya mwanga wa flashi kwenye sehemu ndogo ya retina. Kutoka hapo, sehemu ya mwanga hutoka tena kupitia lenzi ile ile na kurudi kuelekea kwenye flashi katika mwale mwembamba. Lenzi ya kamera ikiwa ndani ya mwale huo, unapata wekundu. Ikiwa nje yake, mboni inabaki nyeusi, hata flashi iwe na nguvu kiasi gani.

La pili ni ukubwa wa tundu. Kwenye jua kali mboni ya kijana hubana hadi karibu milimita 2. Gizani hupanuka hadi 7 au hata 8. Ukipiga hesabu ya eneo, tundu la milimita 7 ni zaidi ya mara 12 ya lile la milimita 2. Wapiga picha waliofanya kazi miaka mingi pale Uhuru Park na kwenye uwanja wa KICC, katikati ya Nairobi, hawakusumbuliwa na jambo hili, kwa kuwa kazi yao ilikuwa ya jua. Wewe ulipiga chini ya hema, baada ya jua kuzama. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia haraka. Kufikia saa mbili, balbu mbili tatu zikining'inia juu ya meza kuu, kila mboni pale ilikuwa imefunguka wazi.

Mtu ataniuliza, mbona mboni zisibane flashi inapowaka? Zinabana, lakini zimechelewa. Flashi huwaka kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde au pungufu. Mboni huanza kusogea baada ya takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Wakati jicho linaanza kujikinga, picha imekwisha kupigwa.

Kwa hiyo shangazi hana kosa, na unaweza kumtetea kwa ushahidi. Macho ya mtu aliyelewa huwa mekundu kwenye sehemu nyeupe, pale mishipa midogo inapovimba. Kwenye picha yako wekundu uko ndani ya mboni na sehemu nyeupe ni safi. Mkuzie uso kwenye skrini umwonyeshe. Hata wale wanaonong'ona habari za majini na macho ya usiku waonyeshe hivyo hivyo. Huo wekundu ni dalili kwamba mwanga umeingia hadi nyuma ya jicho na kurudi bila kuzuiwa na kitu, na daktari anayempima mtoto mchanga huutafuta kwa makusudi.

Utaona pia kwamba hautokei sawa kwa watu wote. Watoto na vijana huupata zaidi kwa sababu mboni zao hupanuka sana gizani. Wazee mboni zao huwa ndogo, ndiyo maana huenda nyanya aliyekaa meza kuu ametoka salama huku wasimamizi wa harusi wakiwaka. Kuna wanaosema sisi watu weusi hatutokewi na jambo hili. Si kweli. Rangi ya asili iliyo nyuma ya retina zetu hunyonya mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo wekundu wetu huwa umefifia na kuelekea kwenye kahawia, lakini upo. Kwa mtu mwenye ualbino rangi hiyo ni kidogo, na wekundu hutoka mkali zaidi. Nitarudi kwake, kwa sababu anahitaji uangalifu wa peke yake.

Fundi aliyesema sensa imekufa amekupoteza. Sensa mbovu haichagui mboni. Ingekuwa imeharibika ungeona doa mahali pale pale kwenye kila picha, mchana na usiku, ukutani na angani. Ukiona hilo, ndipo umpelekee kamera fundi mwenye jina zuri, na uende na picha za mfano. Vinginevyo usiiuze.

Sasa kwa nini kurudi nyuma kuliharibu zaidi? Kwa sababu kinachoamua ni pembe kati ya flashi na lenzi, ukiipima kutoka kwenye jicho la mtu. Wapiga picha wana kanuni ya kukadiria: kwa kila mita 1 kati yako na mtu, flashi iwe mbali na lenzi kwa karibu sentimita 5. Flashi yako inayochomoza huenda iko sentimita 9 au 10 juu ya katikati ya lenzi. Ukisimama mita 2 kutoka kwa shangazi, uko mpakani, unaweza kuponea. Ukirudi hadi mita 4 ukavuta zumu, ulihitaji sentimita 20 na unazo 10 tu. Uso umejaza fremu vile vile, lakini lenzi na flashi, ukitazama kutoka pale aliposimama, zimekaribiana kabisa. Picha nyingi za albamu za miaka ya tisini zina macho mekundu kwa sababu hiyo hiyo: kamera zilifanywa ndogo, flashi ikakaa vidole viwili tu kutoka kwenye lenzi.

Shashi nayo haikusaidia kwa kuwa haikuhamisha flashi. Hulainisha kivuli kidogo na kula mwanga, basi. Pembe imebaki ile ile.

Aliyekushauri flashi kubwa yuko sahihi, ila sijui kama sababu yake ni sahihi. Nguvu haitibu chochote hapa. Faida ya flashi ya kuchomeka juu ya kamera ni kwamba imeinuka, na zaidi ya hapo kichwa chake hugeuka. Ukikielekeza juu kwenye dari nyeupe, au nyuma yako kwenye ukuta mweupe, mwanga hauendi tena machoni moja kwa moja. Unaangukia dari kwanza na kushuka kutoka sehemu pana iliyo mbali na lenzi yako. Wekundu unakwisha, na ngozi zetu hutoka vizuri sana kwa mwanga wa namna hiyo, bila ile ngozi ya kung'aa kwenye paji la uso. Ukiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu mwaka huu, nunua hicho, hata cha mtumba, mradi kichwa kigeuke juu na pembeni na ukijaribu dukani kwenye kamera yako mwenyewe kabla hujalipa.

Lakini ujue mipaka yake. Hema jeupe la kimo cha kawaida linafaa kuelekezea flashi. Hema lililopambwa ndani kwa vitambaa vya zambarau au vya kijani litawapaka watu wote rangi hiyo, na kuirekebisha baadaye ni kazi ngumu kuliko macho mekundu yenyewe. Turubai la bluu ndilo baya kuliko yote. Paa la kanisa lililo juu sana halirudishi kitu. Katika hali hizo itenge flashi na kamera: iweke kwenye stendi upande mmoja na uiwashe kwa triga ya redio, au mpe msaidizi aishike kwa mkono uliotanuliwa, ikiwa imeunganishwa kwa waya wake. Hata kuisogeza pembeni kwa urefu wa mkono kunatosha kwa watu walio mita 4 au 5.

Kabla hujanunua chochote, kuna njia ambayo haikugharimu kitu: ongeza mwanga pale watu wanapopigwa. Siku hizi karibu kila sherehe ina mtu wa video mwenye taa ya LED. Zungumza naye mapema, mkubaliane. Kikundi kikikaa mbele ya taa yake kwa sekunde chache, mboni zimekwisha kubana kabla hujabonyeza. Kusipokuwa na video, wapange watu wakitazama upande wa balbu kubwa badala ya kuipa mgongo, na waache waitazame kidogo ndipo uwaite watazame kamera. Stima ikipotea katikati ya shughuli, omba vijana wawili wawashe tochi za simu, wazielekeze usoni mwa watu kutoka pembeni.

Kamera yako pia ina kazi ya kupunguza macho mekundu, na bila shaka umeiona kwenye menyu yenye alama ya jicho. Huwasha taa ndogo, au flashi dhaifu kadhaa, kabla ya flashi kuu ili mboni zibane kwanza. Inapunguza kweli, lakini haiondoi kabisa, na ina kero mbili. Kwenye kamera nyingi kuna kama sekunde nzima kati ya taa na picha, kwa hiyo kicheko ulichokiona si kile utakachokipata. Na watu wakiona mwanga wa kwanza hudhani picha imekwisha, wanageuka au kufumba macho. Itumie kwa picha za kupanga, na waambie mapema: "Mtaona mwanga mara mbili, tulieni hadi wa pili." Kwenye ngoma na vigelegele izime. Na kama kamera au simu yako ina kazi nyingine ya kufuta macho mekundu yenyewe baada ya picha, hiyo ningeizima kabisa. Fanya marekebisho mwenyewe kwenye nakala, faili la asili libaki na kila kitu ambacho kamera iliona.

Kwenye sebule ndogo yenye dari ya chini, flashi yako hiyo hiyo inayochomoza unaweza kuisaidia kwa kipande cha kadi nyeupe ngumu: kishike mbele yake kikiwa kimelala kwa nyuzi 45 ili mwanga uruke juu kwenye dari. Utapoteza mwanga mwingi, kwa hiyo pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Chini ya hema haitakusaidia.

Njia ya mwisho ni kutopiga flashi kabisa. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana la f/1.8 ni ya bei nafuu ukilinganisha na nyingine, na huingiza mwanga mwingi kuliko ile lenzi ya zumu inayouzwa pamoja na kamera. Ukiitumia na ISO 1600 au 3200 chini ya balbu, utapata chenga kidogo, yaani vipunje kwenye picha, na uwanda wa kufokasi utakuwa mwembamba, safu ya pili ya watu isitoke kali. Mimi huiona hiyo ni bei nzuri ya kulipa kwa picha za mtu mmoja au wawili. Kwa kikundi cha watu 20, hapana. Hapo rudi kwenye flashi iliyogeuzwa juu.

Nimekuahidi kurudi kwa mtu mwenye ualbino. Macho yake mara nyingi huumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo flashi ya usoni ni mateso kwake na si suala la picha tu. Muulize kwanza, kwa sauti ya chini, kama flashi inamsumbua. Mwanga ulioruka darini au taa laini ya pembeni humfaa zaidi. Wazazi wa watoto wachanga nao wataniuliza kama flashi inapofusha. Flashi ya kawaida ya kamera, kwa umbali wa kawaida wa picha, haidhuru jicho. Humwachia mtu doa la muda mfupi machoni na kumshtua mtoto. Hata hivyo usiiweke karibu na uso wa mtoto, hakuna haja.

Sasa zile ulizopiga. Kwanza nakili folda nzima, ufanye kazi kwenye nakala. Photoshop na Lightroom zina chombo cha macho mekundu, na GIMP, ambayo ni ya bure, ina kichujio chake. Vyote hufanya jambo moja, na ukilielewa hutahangaika. Kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayounda picha, ina namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Kwenye mboni iliyoharibika huenda ukakuta nyekundu 190, kijani 45, bluu 50. Chombo huitoa ile 190 na kuweka wastani wa zile mbili nyingine, yaani karibu 48, na mara moja wekundu unageuka kijivu cha giza. Ile nukta nyeupe inayong'aa ndani ya jicho ina namba zote tatu juu, tuseme 240, 235 na 238, hivyo haibadiliki. Nukta hiyo ndiyo humpa mtu uhai usoni. Ukiona jicho ulilorekebisha limekuwa la mtu aliyelala macho wazi, jua umeifuta.

Chombo cha programu kikikosea, fanya kwa mkono. Kuza picha mpaka jicho lijae skrini. Chagua mboni peke yake kwa duara, ulainishe ukingo kwa pikseli moja au mbili, ondoa ukolevu wa rangi, kisha punguza mwanga kidogo kidogo. Usichague jicho lote. Usifanye kichujio kipite juu ya picha nzima pia: kwenye ruracio kuna shanga nyekundu, vilemba vyekundu na midomo iliyopakwa rangi, na kichujio hakijui tofauti ya shanga na mboni. Utajikuta umemvisha bibi harusi shanga za kijivu. Mbwa wa nyumbani akiingia kwenye fremu macho yake yatang'aa kijani au manjano, kwa sababu nyuma ya retina yake kuna tabaka la kuakisi mwanga ambalo sisi hatuna, na chombo cha wekundu hakitamgusa. Lightroom ina chombo chake cha macho ya wanyama, kwingine tumia njia ya mkono.

Kwa macho ya kahawia iliyokoza kama ya wengi wetu, marekebisho hayaonekani kabisa yakifanywa kwa upole. Kwa mwenye ualbino usikimbilie kumpaka kahawia. Macho yake yanaweza kuwa ya bluu, ya kijivu au ya rangi ya asali, na ni yake. Rekebisha mboni tu, na utafute picha yake ya mchana uone rangi halisi ilivyo.

Usichapishe albamu nzima kwa mkupuo. Chapisha picha moja kwanza, ya shangazi ikiwezekana, kwa sababu karatasi hukoleza giza kuliko skrini, na mboni uliyoishusha hadi 0 hutoka kama tundu lililotobolewa. Iache kwenye 30 au 40, itazame kwenye karatasi ukiwa mlangoni kwenye mwanga wa mchana, ndipo uruhusu nyingine ziende.